Diski ya kontena: historia ndefu ya GB zisizokuwepo

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo nimerudi na makala ndefu kidogo, kwa hivyo kama una chai iweke karibu. Baadhi yenu mmeniuliza jinsi ya kuongeza nafasi ya diski kwenye kontena la Linux. Jibu ni mstari mmoja tu:

pct resize 103 rootfs +40G

Basi. Unaandika hayo kwenye seva ya Proxmox, unabonyeza Enter, na kabla hujashusha pumzi kontena nambari 103 lina GB 40 zaidi. Hakuna kuzima chochote, hakuna kuwaambia watu watoke kwenye mfumo. Ningeweza kuishia hapo nikaenda kulala. Lakini mstari huo huo uliwahi kuniponza, na nilipokaa chini kutafuta nilikosea wapi nikajikuta nimerudi nyuma miaka arobaini. Kosa nitalieleza, msiwe na haraka. Kwanza historia, maana bila historia kosa lenyewe halieleweki.

Nianzie hapa Kitale, mwaka wa 2006. Wakati huo kupakua Linux kutoka mtandaoni kwetu ilikuwa ndoto. Nyaya za baharini zilikuwa hazijafika (SEACOM na TEAMS zilitufikia Mombasa mwaka wa 2009), nchi nzima ilipumua kupitia setilaiti, na katika saiba ulilipa kwa dakika huku ukitazama ukurasa mmoja ukifunguka polepole kama pazia. Lakini Ubuntu walikuwa na mpango ulioitwa ShipIt, ulioanza mwaka wa 2005 na kufungwa 2011: unajaza anwani yako, wanakutumia CD bila malipo. Yangu ilikuja kupitia sanduku la posta la mjomba. Ilikuwa Ubuntu 6.06. Sijawahi kupokea barua nzuri kuliko hiyo.

Kompyuta yenyewe (mwalimu wetu wa Kiswahili alisisitiza tuiite tarakilishi, na alikuwa akitukata alama) ilikuwa na diski ya GB 40. Nikaigawa patisheni, yaani vipande: kimoja cha Windows kwa ajili ya ndugu zangu, kimoja cha GB 8 kwa ajili ya mfumo wa Linux, na kilichobaki kwa faili zangu. Nani hajagawa hivyo? Baada ya miezi michache kile cha GB 8 kikajaa hadi pomoni. Na pale pembeni, kwenye kipande cha faili zangu, kulikuwa na zaidi ya GB 10 zimelala bure. Haikusaidia. Patisheni ni kama shamba la mzee lililogawiwa wana kwa ua wa michongoma. Mmoja ana njaa ya ardhi, mwingine ameacha nyasi, na ua haung'oki bila vita. Njia niliyoijua ilikuwa kunakili kila kitu kwenye CD, kufuta diski nzima, na kugawa upya huku ukiomba Mungu kwamba safari hii umekisia vizuri.

Neno lenyewe ndilo hilo: kukisia. Siku unaponunua diski unatakiwa kujua leo utakachohitaji baada ya miaka mitatu. Sehemu kubwa ya historia ninayowasimulia ni ya watu waliokuwa wamechoka kukisia.

Wa kwanza walikuwa watu wa mashine kubwa za Unix. IBM na HP walikuwa na njia ya kuzikusanya diski kadhaa ziwe mfuko mmoja, kisha kukata humo diski za kufikirika zenye ukubwa wowote. Mwaka wa 1998 Mjerumani Heinz Mauelshagen akaleta jambo hilo kwenye Linux, akifuata muundo wa ile ya HP. Ndiyo LVM. Mfuko unaitwa kundi, na kundi limekatwakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya MB 4 kila kimoja. Diski ya kufikirika ni orodha tu ya vipande. Ikitaka kukua, inaongezewa vipande kwenye orodha, hata kama vipande hivyo viko kwenye diski nyingine kabisa. Ua wa michongoma umeng'olewa. Shamba sasa ni daftari.

Lakini kuongeza diski hakutoshi, maana juu ya diski kuna mfumo wa faili, na mfumo wa faili ni kama mpangaji asiyejua kwamba mwenye nyumba ameongeza chumba. Lazima aambiwe. Programu ya kumwambia kwenye Linux ni resize2fs, iliyoandikwa na Theodore Ts'o mwaka wa 1997 na 1998, kwa sehemu kwa msaada wa PowerQuest, ile kampuni iliyokuwa ikiuza PartitionMagic. (Wazee mnaikumbuka PartitionMagic. Wachache waliinunua.) Mwanzoni ilibidi mfumo wa faili uondolewe kwanza, yaani huduma isimame. Mwishoni mwa 2004, Linux 2.6.10 ikaleta uwezo wa kuukuza ext3 ukiwa unatumika, watu wakiwa ndani wanaandika. Kukuza tu lakini. Kuupunguza mfumo wa namna hii bila kuuzima hakuwezekani hata leo. Kumbukeni hilo, litarudi.

Sasa tuje kwenye kontena.

Kwa wageni: seva moja ina kerneli moja, yaani ule moyo wa Linux. Makontena yanashirikiana moyo huo mmoja, lakini kila moja linaona faili zake, programu zake na anwani yake ya mtandao, na hudhani liko peke yake duniani. Ni tofauti na mashine pepe kamili, ambayo hubeba kerneli yake yenyewe na hula kumbukumbu zaidi. Kwa sisi tunaonunua seva za mitumba, tofauti hiyo ni pesa.

Mizizi yake iko mwaka wa 1979, kwenye Unix toleo la 7, palipoingia amri ya chroot. Kazi yake ni kuidanganya programu kuhusu mahali mti wa faili unapoanzia. Unaionyesha folda moja na kuiambia, hii ndiyo dunia yote. Haikuwa na habari ya diski kabisa. Programu iliyofungiwa humo ingeweza kuijaza diski ya seva nzima bila mtu kuizuia. Mwezi Machi 2000 FreeBSD 4.0 ikaja na jail, kazi ya Poul-Henning Kamp wa Denmark. Jina linajieleza, ni jela kweli, na kuta zake ni imara kuliko za chroot. Lakini wafungwa bado walikuwa wakila sufuria moja.

Aliyeweka vipimo vya chakula, kwa upande wetu wa Linux, ni OpenVZ. Kampuni ya SWsoft ilikuwa ikiuza bidhaa iitwayo Virtuozzo, na mwaka wa 2005 ikafungua msimbo wa msingi wake kwa jina la OpenVZ. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ule uongo mtamu ulipozaliwa.

Kwenye OpenVZ ya miaka ile, kontena halikuwa na diski. Lilikuwa folda kwenye seva mama, tuseme /vz/private/101, na faili zake zilichanganyika na za wenzake kwenye mfumo mmoja wa faili. Kilichoitwa ukubwa wa diski kilikuwa kwota tu, nambari iliyoandikwa mahali. Ukitaka kuongeza unaandika:

vzctl set 101 --diskspace 20G:22G --save

Papo hapo mtu aliye ndani ya kontena akiandika df anaona GB 20. Ukibadilisha nambari ziwe 40, anaona 40. Ukizirudisha chini ziwe 15, anaona 15, maadamu hajazitumia. Hakuna kilichosogezwa, hakuna kipande kilichohamishwa. Umefuta nambari ukaandika nyingine. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Miaka yote ile ya CD na kukisia!

Lakini tazama. Kama seva mama ina GB 500 nami nimeandika nambari za kontena ishirini, kila moja GB 50, nimegawa GB 1,000. Nani atanizuia? Hakuna. Na wengi hawakujizuia. Biashara ya kukodisha seva ndogo za bei rahisi katika miaka ya 2000 ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya hesabu hiyo, kwamba wateja wengi hawatumii wanacholipia, kwa hivyo uza zaidi ya ulicho nacho. Haikuwa lazima iwe wizi. Benki hufanya hivyo kila siku. Inakuwa wizi siku wote wanapokuja pamoja.

Sisi wa Kitale tuna njia rahisi ya kulielewa hili, maana tunaishi na maghala ya mahindi. Tanzania wana jina zuri la mfumo ambao sheria yake ilipitishwa 2005: stakabadhi ghalani. Unapeleka mazao ghalani, unapewa karatasi, na karatasi hiyo unaweza kukopea benki kana kwamba umebeba magunia mgongoni. Kenya tulipata sheria yetu ya namna hiyo mwaka wa 2019. Mfumo mzima unasimama juu ya jambo moja: magunia yawepo kweli, na awepo mtu wa kwenda kuyahesabu. Mwenye ghala akiandika karatasi za magunia 1,000 wakati ndani mna 500, hakuna atakayejua siku ya kwanza. Karatasi zote zinafanana.

Proxmox ilizaliwa Austria mwaka wa 2008, na tangu mwanzo ilibeba vyote viwili: KVM kwa mashine pepe na OpenVZ kwa makontena. Mwaka huo huo, kwa bahati, vipande vya makontena vilikuwa vikiingia kwenye Linux ya kawaida. Kazi ya wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, ya kupima na kuwekea mipaka vikundi vya programu, iliingia kwenye kerneli 2.6.24 mwezi Januari 2008, na mradi wa LXC ukaanza kuvitumia. OpenVZ yenyewe ilihitaji kerneli yake maalumu, na kila mwaka ilizidi kubaki nyuma. Basi mwezi Oktoba 2015 Proxmox 4.0 ikaitupa OpenVZ na kuchukua LXC. Sisi tuliokuwa na seva tulihamisha makontena moja baada ya jingine, usiku, tukilalamika.

Na hapo diski ilibadilika tena. Kontena la LXC kwenye Proxmox si folda yenye kwota tena, bali kwa kawaida lina diski yake ya kufikirika iliyokatwa kwenye LVM, yenye mfumo wake wa ext4. Ungedhani tumerudi kwenye ukweli: GB 50 ni GB 50. Ingekuwa hivyo kama si Joe Thornber, ambaye kazi yake iliyoingia Linux 3.2 mwezi Januari 2012 iliipa LVM kile ninachokiita bwawa. Unatenga sehemu kubwa ya diski iwe bwawa. Kisha unakata humo diski za kufikirika, lakini hazichukui maji siku zinapozaliwa. Zinachukua tone kwa tone kadiri zinavyoandikwa. Diski ya GB 160 iliyo na faili za GB 5 imechukua GB 5 tu bwawani. Kuanzia Proxmox 4.2, mwaka wa 2016, ukifunga seva mpya kwa njia ya kawaida bwawa hilo unapewa bila kuliomba.

Ni kazi nzuri sana, sitaki mnielewe vibaya. Lakini ni stakabadhi ghalani tena, na safari hii imefichwa chini ya kitu kinachofanana kabisa na diski.

Sasa kosa langu.

Watu huku kwetu wakisikia seva hufikiria Nairobi. Lakini magharibi mwa Kenya rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta zina historia yake, na ni ya heshima. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo uliojengwa kwa Microsoft Access. Faili moja la Access lina dari: halipiti GB 2. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka huo huo kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulienea hadi kliniki za Kitale na Webuye na kwingineko, na kwa muda mrefu fomu zilijazwa kwa kalamu kliniki kisha zikasafirishwa hadi Eldoret kuingizwa kwenye mfumo. Rekodi ilisafiri kwa gari! Kutokana na haja hiyo ndipo Burke Mamlin na Paul Biondich, pamoja na wenzao, walipoanza OpenMRS mwaka wa 2004, kwa Java na MySQL, na mwezi Februari 2006 ikawashwa Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, mnayoiona katika vituo vingi vya serikali, imejengwa juu yake.

Mimi sikuwa na makubwa hayo. Nilikuwa na mteja mmoja, kliniki binafsi yenye tawi Bungoma na tawi Kitale, na jina naliacha. Nilikuwa nimewaandikia mfumo mdogo wa rekodi. Seva ilikaa Bungoma, ya mitumba, diski moja ya GB 500, na baada ya Proxmox kuchukua chake bwawa likabaki kama GB 340. Makontena manne, kila moja GB 50. Jumla GB 200 juu ya bwawa la 340. Safi kabisa.

Halafu maisha yakaendelea. Kontena la rekodi likajaa, nikaandika ule mstari mmoja. Wakaanza kuskani fomu za zamani, nikaandika tena. Tawi la Kitale nalo likaomba, nikaandika. Katika miaka miwili makontena yale manne yalikuwa yameahidiwa jumla ya GB 520. Na mfumo ulinionya, siwezi kusema haukunionya. Kila nilipoongeza, ulitoa mstari wa onyo kwamba jumla ya diski inapita ukubwa wa bwawa. Mara ya kwanza nikausoma. Mara ya tano macho yaliupita kama tangazo la kampeni ukutani.

Jumatatu moja ya mwaka wa 2019, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, muuguzi mkuu wa Bungoma akanipigia.

"Fundi, mashine imegoma. Inafungua faili ya mgonjwa lakini nikisevu inazunguka tu."

"Pole, Sista. Umejaribu kutoka na kuingia tena?"

"Nimetoka. Sasa hata kuingia imekataa. Na watu wamejaa benchi hadi nje."

Nilikuwa Kitale. Nikaingia kwenye seva kwa mbali, nikaingia ndani ya kontena 103, nikaandika df kwanza kama kila fundi anavyofanya. Ikaniambia diski imetumika asilimia 58. Asilimia 58! Nikaanza kuwinda mahali pengine: mtandao, kumbukumbu, MySQL yenyewe. Nilipoteza kama dakika ishirini. Batli ya MySQL ilikuwa inasema mfumo wa faili ni wa kusoma tu, nami nikafikiri diski imekufa. Wakati huo Kitale nao wakapiga simu, kontena lao ni jingine kabisa, tatizo ni lile lile. Hapo ndipo nikatoka nje ya makontena na kuandika lvs kwenye seva mama. Safu ya bwawa ilisoma 100.00.

df haikudanganya, kwa namna yake. Ilikuwa inasoma stakabadhi.

Bwawa likijaa, kwa kawaida kerneli haikatai mara moja. Maandishi yanasubirishwa mlangoni kwa sekunde 60, pengine mwenye seva ataongeza nafasi. Zikiisha, kila anayeandika anarudishiwa kosa, na ext4 ikiona kosa hujifunga isiandikwe tena ili isiharibike zaidi. Makontena yote yanayochota bwawa hilo huanguka pamoja, hata lile la majaribio ambalo halikuwa na hatia. Kwenye OpenVZ ya zamani kujaa kwa diski kungekuwa wazi zaidi, maana ungeona mfumo wa faili wa seva mama umejaa kwa df ya kawaida. Huku hesabu ya kweli ilikuwa imehamia kwenye amri ambayo mimi sikuwa na tabia ya kuiandika.

Nilitafuta cha kufuta. Nikakuta picha ya muda, yaani ile hali ya kontena inayohifadhiwa kabla ya kusasisha mfumo ili uweze kurudi nyuma. Nilikuwa nimeipiga miezi saba kabla na kuisahau, na picha ya namna hiyo hushikilia kila kipande cha zamani hata ukifute mara ngapi. Nikaifuta, bwawa likashuka hadi 93. Nikasimamisha makontena, nikayakagua kwa pct fsck, nikayawasha. Saa nne na nusu mfumo ukarudi. Nikachomoa diski mpya ya TB 1 kwenye droo, nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Pale Webuye tulikaa kusubiri abiria wajae, nami nikihesabu asilimia kwenye simu kila dakika tano. Ilikuwa 94 nilipofika Bungoma.

Kuongeza diski ya kweli ni mistari mitatu: pvcreate kuiandaa, vgextend kuiingiza kwenye kundi, lvextend kulikuza bwawa. Si kazi. Kisha nikaandika pct fstrim kwa kila kontena, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu yote. Unapofuta faili ndani ya kontena, mfumo wa faili unajua nafasi iko wazi, lakini bwawa haliambiwi, linaendelea kushikilia vipande vile. Kila usiku kwa miaka miwili nilikuwa natengeneza nakala rudufu ya hifadhidata humo humo ndani ya kontena na kufuta ya zamani. fstrim ndiyo inayoliambia bwawa lichukue vipande vyake. Bila hata kuihesabu diski mpya, vilirudi zaidi ya GB 90. Ningeandika amri ile moja siku moja kabla, Jumatatu ile isingekuwepo.

Jioni tukakaa na Sista na karani mmoja kuingiza fomu. Walikuwa wamerudi kwenye karatasi tangu mashine igome, na karatasi zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko nilivyostahili. Tukamaliza karibu saa mbili usiku. Sista akasimama akitazama orodha ya asubuhi, akasema, "Kuna mama mmoja simwoni. Nilimhudumia wa kwanza kabisa, kabla mashine haijagoma. Nilisevu, na ikakubali."

Nilijua mara moja. Diski ile ya mitumba ilikuwa nzito, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimebadilisha mpangilio mmoja wa MySQL, innodb_flush_log_at_trx_commit, kutoka 1 kwenda 2, ili kusevu kuwe kwepesi. Kwenye 1, MySQL haisemi ndiyo hadi maandishi yafike kwenye diski. Kwenye 2 inasema ndiyo yakiwa bado kwenye kumbukumbu, na kuyashusha baadaye kidogo, kwa kawaida sekunde moja. Asubuhi ile hiyo sekunde moja ilikutana na zile 60 za bwawa. Sista aliambiwa ndiyo, na nyuma ya ndiyo hiyo hapakuwa na kitu. Mama yule alikuwa amebadilishiwa dawa ya shinikizo. Katika mfumo alibaki na dawa ya zamani na kipimo cha zamani.

Sista alimkumbuka kwa sababu alikuwa wa kwanza. Angekuwa wa thelathini sijui. Nambari yake ya simu ilikuwepo, akapigiwa kesho yake asubuhi, akasoma maandishi ya kwenye pakiti, tukaingiza. Mpangilio ule niliurudisha kwenye 1 usiku huo huo kabla sijaondoka Bungoma, na kusevu kukawa kuzito tena, na hakuna aliyelalamika.

Yamebaki mawili ya kiufundi kwa mliouliza. La kwanza, kupunguza. Kontena 103 liliendelea kusema lina GB 160 ambazo hazikuwa na haja, na pct resize haipunguzi, inakataa. Njia ni kuchukua nakala rudufu ya kontena zima kisha kulirudisha ukitaja ukubwa mdogo zaidi. Nililirudisha kwa GB 110 usiku wa Jumapili, ilichukua karibu saa mbili, huduma ikiwa imezimwa. Kile ambacho vzctl ilifanya kwa kufuta nambari!

La pili, mlinzi. Niliandika hati fupi kwenye seva mama inayosoma lvs kila dakika kumi na kutuma SMS bwawa likipita 80, pamoja na safu ya metadata, maana nayo ikijaa ni balaa la aina yake. Sista alitaka naye awe anapata. Nikamwambia ujumbe wenyewe ni wa kifundi, atachoka nao. Akasema basi uwe unakuja kila siku jioni, ujae usijae, nambari moja tu. Kwa hivyo kila siku saa kumi na mbili jioni sote wawili tunapata SMS yenye neno bwawa na nambari. Jana ilisoma 64.